Esther Vergeer na Michezo 470 Bila Kushindwa



Wiki hii hatukuja na mitindo wala hina. Tumekuja na historia ya mwanamke wa Uholanzi, si wa dini yetu wala si wa kwetu, na aliyetujulisha habari zake ni bibi harusi mmoja. Alikuja dukani na mama yake kushonesha gauni la nikaha, naye anatumia kiti cha magurudumu. Sisi tukamuuliza mama: anapenda rangi gani, mikono iwe mirefu kiasi gani. Bibi harusi akatukatiza kwa adabu kwamba yeye yupo na anasikia. Tuliona haya mpaka leo tunaona. Sura Abasa tumeisoma tangu chuoni, tunamjua Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.) na akaachiwa Madina isimamie wakati wa safari. Na bado tulimgeuzia uso mteja wetu.

Siku ya kujaribisha nguo alikuwa ameshatusamehe, akatuonyesha kwenye simu mchezo wa tenisi. Ndipo tulipoanza kumfuatilia Esther Vergeer.

Alizaliwa mwaka 1981 katika mji wa Woerden. Akiwa mtoto alipata matatizo ya mishipa ya damu kwenye uti wa mgongo, na alipokuwa na miaka 8 alipasuliwa. Baada ya upasuaji ule miguu yake haikufanya kazi tena. Kwetu hapo majirani wangemiminika kutoa pole kama kwenye msiba, mama akaambiwa ni mtihani, asubiri. Na kweli ni mtihani. Tabu ni kwamba tukishasema neno hilo tunaona tumemaliza, mtoto anakulia nyuma ya pazia, wageni wakija anasogezwa chumba cha ndani.

Wenzetu, katika kumfundisha kuishi na kiti, walimfundisha na michezo: mpira wa wavu, mpira wa kikapu, tenisi. Kwanza aling'ara kwenye kikapu, akawemo katika timu ya taifa ya wanawake iliyochukua ubingwa wa Ulaya mwaka 1997. Baadaye akaegemea kwenye tenisi.

Tenisi ya viti vya magurudumu yenyewe si ya zamani sana. Ilianzia Marekani mwaka 1976 kwa kijana aitwaye Brad Parks, aliyeumia kwenye michezo ya theluji. Uwanja ni ule ule, wavu ule ule, mipira ile ile. Kilichobadilishwa ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara 2 kabla ya kurudishwa, na mdundo wa pili unaweza kuwa nje ya mistari. Mtu akisikia hivyo anasema kumbe ni rahisi. Haya, jaribu kusukuma magurudumu kwa mikono yote miwili huku mkono mmoja umeshika raketi. Halafu kiti hakiendi ubavu. Mwenye miguu anaruka hatua moja kushoto, mwenye kiti lazima akigeuze kwanza, kwa hiyo anatakiwa awe kwenye mwendo muda wote, hata mpira ukiwa upande wa mwenzake. Akisimama tu ameshachelewa. Ndiyo maana magurudumu ya viti hivyo yamelazwa, juu yamekaribiana na chini yametanuka, kigeuke upesi wala kisipinduke.

Vergeer alishika namba 1 duniani mwaka 1999, na mwaka 2000 akatwaa dhahabu 2 za Paralimpiki mjini Sydney, peke yake na kwa wawili wawili. Wengi wangeona wamefika. Mji huo huo wa Sydney, Januari 2003, alifungwa na Daniela Di Toro wa Australia. Tunaitaja siku hiyo kwa sababu hakufungwa tena mchezo wa mmoja kwa mmoja mpaka anastaafu. Michezo 470, karibu miaka 10.

Kushinda mara moja kunawezekana kwa bahati, hata sisi tumewahi kushona gauni moja likapendeza kupita uwezo wetu. Lakini 470! Kuna siku za homa, siku za hedhi, siku za kusafiri usiku kucha, na kila anayekuja mbele yako amekusudia awe yeye wa kuivunja rekodi.

Aliyekaribia zaidi ni Mholanzi mwenzake, Korie Homan, kwenye fainali ya Beijing mwaka 2008. Vergeer alichukua seti ya kwanza 6-2, Homan akachukua ya pili 4-6, ya tatu ikafika mahali Homan amebakiza pointi 1 tu awe bingwa. Huo ndio mchezo aliotuonyesha bibi harusi, na tulikuwa tumeshika pini mkononi tumesahau kuzichomeka. Vergeer akaiokoa pointi ile, akamaliza 7-6. Kwenye Paralimpiki hiyo hiyo Homan na Sharon Walraven walimfunga Vergeer na mwenzake fainali ya wawili wawili, akarudi na fedha. Mwaka uliofuata Vergeer na Homan wakaingia Wimbledon upande mmoja wa wavu, wakabeba ubingwa pamoja. Sisi tunaogombana na wifi miaka mitatu kwa sababu ya sare ya harusi, hapo pana la kutafakari.

Na Wimbledon hapo pana jambo. Huyu mwanamke ana mataji 21 ya mmoja mmoja kwenye mashindano makubwa ya Australia, Ufaransa na Marekani, lakini Wimbledon hana hata moja. Hakushindwa. Mashindano ya mmoja mmoja ya viti vya magurudumu hayakuwepo kule mpaka mwaka 2016, wakati yeye alikwisha staafu miaka 3 nyuma.

Dhahabu yake ya mwisho ya mmoja mmoja ilikuwa London, Septemba 2012, alipomfunga Aniek van Koot 6-0, 6-3. Ilikuwa ya 4 mfululizo ya mmoja mmoja, na kwa jumla ana dhahabu 7 za Paralimpiki. Februari 2013 akatangaza kustaafu, bado ni namba 1.

Hatukubaliani naye katika kila kitu. Mwaka 2010 alipigwa picha bila nguo kwa jarida la michezo la Marekani, na sisi tuna mipaka yetu. Lakini haki yake tumpe. Tangu akiwa bado anacheza alianzisha taasisi ya kuwaingiza watoto wenye ulemavu kwenye michezo, na mwaka 2023 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Tenisi Duniani, Newport, Marekani.

Tena hakuwa peke yake. Tangu Barcelona 1992 hadi Tokyo, dhahabu zote za wanawake za mmoja mmoja zilikwenda kwa Waholanzi, mpaka Paris 2024 Yui Kamiji wa Japani alipoukata mnyororo. Nchi moja ndogo hivyo, si kwamba imejaaliwa wasichana wenye mikono ya ajabu. Ni kwamba msichana akipoteza miguu hapelekwi chumba cha ndani.

Turudi kwenye gauni. Tulilishona upya. Tulikuwa tumechukua vipimo kama tulivyofundishwa, vya mtu aliyesimama, na nguo ya aliyesimama ukiikalia inajaa mapajani, nyuma inavutwa chini. Safari hii tulimpima akiwa amekaa kwenye kiti chake: mbele tukapunguza, nyuma tukaongeza kiunoni, mikono tukaibana kwenye viganja isiingie kwenye magurudumu. Mtandio aliuchagua mwenyewe, wa kijani kibichi, ambao mama yake hakuutaka.