Mafuta Hayaombi Viza

Chupa ya marashi ghali ya Paris huenda ina Komoro ndani yake. Maua ya mlangilangi huchumwa asubuhi mapema, yakachemshwa kwa mvuke kabla hayajaharibika, halafu mafuta yakasafirishwa nje. Kuni zinatoka kwenye misitu ya visiwani, kwa hivyo hata mlima unalipia harufu hiyo.

Hii biashara haikuanza jana. Ufaransa ilichukua Maore mwaka 1841, na kufikia 1886 Ngazija, Nzwani na Mwali vilikuwa chini ya ulinzi wake. Huko Ngazija, Léon Humblot, jamaa aliyekuja kutafuta mimea, alitia saini mkataba na Sultani Said Ali mwaka 1885, akaishia kumiliki mashamba makubwa. Ardhi nzuri ikapandwa vitu vya kuuza mbali: vanila, karafuu, mlangilangi. Mchele je? Mpaka leo mwingi unaagizwa.

Desemba 1974 watu walipiga kura. Asilimia 95 hivi walitaka uhuru, lakini Maore wengi walikataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kimoja kimoja. Tarehe 6 Julai 1975 Komoro ikajitangazia uhuru. Maore ikabaki na Ufaransa.

Uhuru haukupumua hata mwezi. Tarehe 3 Agosti Rais Ahmed Abdallah akapinduliwa. Mwaka 1978 akarudishwa na mamluki Mfaransa, Bob Denard, ambaye watu wake walikaa ikulu hadi Abdallah alipouawa mwaka 1989. Sasa hebu niambie, uchumi ungekua saa ngapi?

Halafu 1995 Ufaransa ikaweka viza kati ya Maore na visiwa vingine. Kutoka Nzwani ni kama kilomita 70 tu. Mtu aliyekuwa akienda kumtembelea shangazi, au kujifungulia hospitali, ghafla akawa mhamiaji haramu. Watu hawakuacha kwenda. Wanapanda vimashua viitwavyo kwasakwasa, usiku, na wengi wamezama.

Ndiyo maana pesa nyingi za Komoro leo hazitoki shambani. Zinatumwa na watoto wake walioko ng'ambo, wengi wao Ufaransa hiyo hiyo.

Hawa ni jirani zetu, na lugha yao ni binamu ya Kiswahili. Ukisikia wakiitwa maskini, kumbuka mafuta yao yanavuka bahari bila kuulizwa karatasi. Anayeulizwa ni aliyechuma maua.