Kiini cha Linux na Saa Zisemazo Uongo

Kompyuta haina saa moja. Ina kundi la saa, na nyingi zina kilema. Kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani programu igawayo kazi kwa programu nyingine zote, hakioni jua wala kivuli. Hujua wakati kwa kuambiwa na saa hizo, na kikidanganywa, humdanganya kila akitegemeaye.

Katika miaka ya 1990 Intel ilitoa chipu iitwayo PIIX4. Katika kila nanosekunde 69.8, kipima muda chake kilikuwa na upenyo wa nanosekunde 3 ambamo namba ilikuwa ingali ikibadilika, na aliyeisoma wakati huo aliweza kupata jawabu la ovyo. Chipu zilikwisha kuenea duniani. Dawa haikuwa na budi kutoka kwa waandishi wa programu. Katika Linux iliamriwa saa hiyo isomwe mara 3 mfululizo, na jawabu lisipokewe mpaka namba zote zifuatane kwa taratibu. Gharama ilikuwa kubwa, maana saa yenyewe ilikuwa nzito kusomeka hata mara moja.

Iliyotamaniwa ni TSC, kihesabu kilichokuja na prosesa ya Pentium mwaka 1993, chepesi mno kusoma. Walakini kilihesabu mapigo ya prosesa, na prosesa zilipoanza kupunguza mwendo ili kuokoa umeme, kihesabu nacho kilipunguza. Penye prosesa mbili palikuwa na saa mbili zisizopatana. Kazi iliyohama kutoka moja kwenda ya pili iliweza kuuona wakati ukirudi nyuma.

Mwaka 2007 Linux iliwekewa mlinzi. Kila nusu sekunde alilinganisha saa nyepesi na saa nyingine iliyo shahidi. Zikiachana kupita kiasi, saa nyepesi ilivuliwa madaraka.

Hukumu ilikuwa kali, na shahidi hakuhojiwa. Mwaka 2019 HPET, shahidi wa kompyuta nyingi, ilikutwa imepotoka katika baadhi ya mashine za Intel za jamii ya Coffee Lake baada ya kulala usingizi mzito. TSC isiyo na kosa ndiyo iliyoadhibiwa. Tena, mlinzi akikatizwa kati ya kusoma saa ya kwanza na ya pili, ucheleweshaji wake mwenyewe ulihesabiwa kuwa hatia ya saa. Mwaka 2021 akaamriwa kumsoma shahidi mara mbili, kabla na baada. Muda ukizidi kati yake, usomaji hutupwa na kuanzwa upya.