Kipashaneva: Kemikali Inayobeba Habari Ubongoni

Seli mbili za neva hazikuunganishwa kama nyaya. Kati yake pana upenyo mwembamba, na habari huuvuka kwa kemikali: seli moja huimwaga, ya pili huipokea, kisha mabaki huondolewa upesi. Wengi wametohoa tu na kuiita nyurotransmita. Mimi naiita kipashaneva. Neno kipitishi lingekuja mdomoni haraka zaidi, lakini wanafizikia wamekwisha kulichukua kwa vitu kama waya wa shaba, na waya haumwagi wala haupokei kitu.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1921 mjini Graz, Austria. Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inadunda. Aliisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, akateka majimaji yake, akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo. Kilichohama kilikuwa asetilikolini.

Habari hizi za kipashaneva zinawahusu wafugaji wa nguruwe wa Mbeya na Iringa, Tanzania, kuliko wanavyodhani, kwa sababu ya kifafa. Vijijini, mnunuzi makini humlaza nguruwe, humpanua kinywa kwa kijiti, huvuta ulimi na kuupapasa kwa kidole akitafuta vivimbe kama punje za wali. Hao ni lava wa tegu. Mtu akila kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ambayo haijaiva vizuri hupata tegu tumboni. Lava wanaoingia ubongoni na kuleta kifafa wana njia nyingine: humpata aliyemeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia mikono, maji au mboga. Ndiyo maana hata asiyeonja kitimoto maisha yake yote anaweza kuugua kifafa kwa sababu hiyo. Si laana, wala povu la mgonjwa haliambukizi.

Kwa nini lava alete kifafa? Vipashaneva viwili vikuu vya ubongo ni glutamati, inayochochea seli, na GABA, inayozituliza. Mizani ikielemea upande wa glutamati, seli nyingi hufyatuka kwa pamoja, mtu akaanguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichukua vipande hai vya ubongo, vikiwemo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, wakavidondoshea dondoo la lava huku wakipima umeme wa seli mojamoja. Seli zilichachamaa. Ndani ya dondoo mlikuwa na glutamati: mdudu anabeba kipashaneva kilekile tunachokitumia sisi! Kuvimba kwa ubongo kunakozunguka lava anayekufa nako kuna sehemu yake.

Dawa iitwayo fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, huipa nguvu GABA. Haiui lava. Ukiiacha ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa hubaki bila breki, na degedege huweza kurudi mfululizo. Basi usingoje kopo liwe tupu. Rudi kliniki vidonge vingali vipo.