Mzee na Haki ya Kuamua

Askari anapostaafu hupata kiinua mgongo na pensheni. Lakini mkulima aliyeshika jembe maisha yake yote, kwa miaka mingi hakuwa na fungu lake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda tangu enzi za ukoloni. Hata mfuko wa hifadhi ya jamii ulioundwa Kenya mwaka 1965 uliwahusu wenye mishahara. Mkulima na mfugaji waliachiwa watoto wao. Na asiye na chake huamuliwa ale nini, alale wapi na atibiwe lini.

Mwaka 2011 Uganda ilianza kuwalipa wazee wa wilaya chache ruzuku ambayo baadaye ilifikia shilingi 25,000 kwa mwezi. Zanzibar ilifuata Aprili 2016. Mwaka 2018 Kenya ilifungua mlango kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila mzee akachagua benki ya kupokelea. Kiasi ni kidogo, lakini kimeingia mkononi mwa mzee mwenyewe. Anayenunua dawa yake kwa fedha yake haombi ruhusa. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka mzee atunzwe na jamaa zake na Serikali, na papo hapo aishi kwa heshima na kushiriki mambo ya jamii. Kutunzwa si kunyang'anywa kauli.

Hata hivyo, vikwazo vipo. Vidole vilivyosuguliwa na mpini mara nyingine havitambuliwi na mashine. Yuko jamaa anayetumwa kuchukua fedha akazifanya zake. Na huko Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kiini kikiwa ni ardhi. Wengine wamekimbilia vituo vya hifadhi, wakaacha nyumba walizozijenga wenyewe. Mzee aliyefukuzwa kwake ana hiari gani tena?

Hapo ndipo kazi ya askari inapoanza. Tetesi za uchawi zichunguzwe kabla damu haijamwagika, na mzee asikilizwe kituoni yeye mwenyewe, si mwanawe kwa niaba yake. Naye askari anayemtumia mama yake fedha kutoka kambini, amwulize kwanza angependa zitumikeje. Ulinzi wa utu huanzia nyumbani.