Tamthiliya za UKIMWI zimebaki za mtihani

Ikikaribia Desemba Mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, Mwanza hupambwa kwa mabango, na mgeni rasmi hutafutwa mapema. Wasanii hupewa dakika chache za kuchangamsha watu kabla ya hotuba. Huu ndio mkoa ambao wanakijiji wake waliwahi kupanda jukwaani kusema mambo ya aibu hadharani.

Ilikuwa Malya, Kwimba, mwaka 1982 na 1983. Profesa Penina Mlama, aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wa sanaa waliotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha 1991. Wageni hawakuja na igizo mkononi. Wanakijiji walilitaja wenyewe tatizo lao, mimba za wasichana, wakalicheza kwa ngoma na maigizo, kisha wakalijadili. Mwaka huohuo wa 1983, ng'ambo ya ziwa huko Kagera, waligunduliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini.

Katikati ya miaka ya 1990 Medical Aid Foundation ilitoa tamthiliya ya Kilio Chetu, kisa cha Joti na vijana wenzake, huku wazazi wakibishana kama mtoto aambiwe au asiambiwe habari za ngono. Mwaka 2006 ikachapishwa Orodha ya Steve Reynolds, na hapa nitakaa kidogo.

Furaha, binti wa tamthiliya hiyo, amefariki kwa UKIMWI. Ameacha barua yenye orodha, nayo isomwe mazishini. Waheshimiwa wanaanza kutokwa jasho: Bwana Ecko, Salim, Juma, hata padri. Kila mmoja ana hakika jina lake limo, na wapo wanaopanga kuiiba. Inaposomwa, hakuna jina hata moja. Kuna mambo ambayo yangemlinda binti yule. Darasani tukio hilo huitwa taharuki, alama mbili. Lichezwe mbele ya watu wanaojuana, uone watakavyoangaliana!

Vitabu vyote viwili viliingizwa kwenye fasihi ya sekondari, na huko ndiko vilikokwama. Hapa Mabatini, jijini Mwanza, nimeonyeshwa nakala ya Orodha isiyo na jalada, pembeni imejaa kalamu ya risasi: dhamira, ujumbe, falsafa. Mwanafunzi mwenye nakala hiyo anazitaja zote bila kusita. Jukwaani hajawahi kuiona.

Wapo wanaosema maigizo hayazuii virusi, na wana hoja. Mradi wa MEMA kwa Vijana, uliotumia maigizo katika shule za vijijini Mwanza kuanzia 1999, uliongeza uelewa lakini haukupunguza maambukizi. Ila pale Malya igizo halikuishia kwenye makofi, lilifuatwa na mjadala, na mjadala huo ndio tunaoukosa leo. Tangu dawa za kufubaza virusi zianze kutolewa bure mwaka 2004, hofu imepungua na mjadala nao umepoa.

Walimu wa Kiswahili wa Nyamagana, ichezeni Orodha kabla shule hazijafungwa. Waiteni wazazi, na igizo likiisha msiwaruhusu kuondoka, waacheni wabishane.