Na Nini?

“Asha alionekana na Juma sokoni.”

Sentensi hiyo iliwahi kuniletea kazi ya mchana mzima, nilipokuwa mhariri wa zamu. Majina nimeyabadili. Mwandishi aliyeileta alikusudia kusema kwamba Juma alimwona Asha. Sisi wengine wote chumbani tulisoma kwamba Asha na Juma walikuwa pamoja, na kwamba kuna watu waliowaona. Tulibishana, tukafungua kamusi, tukarudi palepale. Kila mmoja alikuwa na haki. Neno lililoibeba sentensi lina herufi mbili tu, na herufi hizo humtaja aliye pamoja nawe na pia humtaja aliyekutenda jambo. Mwishowe tuliandika “Juma alimwona Asha”, ukurasa ukaenda mtamboni. Nami nikabaki na lile neno, na hadi leo sijaliacha.

Shuleni tuliambiwa kwamba “na” ni kiunganishi. Chai na mkate, kaka na dada, kula na kunywa. Ni kweli, ila istilahi hiyo ni nguo fupi kwa mwili wa neno hili. Tazama tunavyosema kwamba kitu ni chetu. Kitenzi “kumiliki” tumekichukua kwa Waarabu, na hadi leo kinakaa kwenye hati za viwanja na ofisi za mawakili. Nyumbani tunasema “nina”. Lipasue neno hilo utakuta “ni” ya nafsi na “na” ya kuandamana: mimi pamoja na. Nina ng’ombe, maana yake mimi na ng’ombe tuko pamoja. Ukilipeleka wakati uliopita, mfupa wenyewe unatokeza: nilikuwa na ng’ombe. Ng’ombe akifa, sina. Sipo naye tena.

Nairobi watu husema “niko na swali”, na Lubumbashi husema “niko na” wanapotaja walicho nacho. Wasafishaji wa lugha huwakemea. Mimi nawasikiliza kwa heshima, kwa sababu wamelitoa hadharani jambo ambalo “nina” inalificha: kwamba katika lugha hii kuwa na kitu ni kukaa nacho.

Kuna zaidi. Na hiyo “kuna” yenyewe ni “ku” ya mahali iliyoshikana na “na”. Kisimani kuna maji: pale mahali pako pamoja na maji. Mezani pana kitabu, mtungini mna uji. Kitu kwa Kiswahili hakipo hivihivi. Kuna mahali panapokaa nacho. Wataalamu wengi wa lugha za Kibantu wanaiona “na” hiyohiyo ndani ya “anapika”, kwamba hapo zamani ilikuwa kama kusema yu pamoja na kupika, yu ndani ya shughuli hiyo. (Msomaji asiichanganye na “nasema” ya watu wa Mvita na ya washairi. Ile ni “ni” iliyokutana na “a”, irabu moja ikaimeza nyingine. Sura ni moja, ukoo mbalimbali.)

Lakini kilichonikalisha chini hasa ni vitenzi vya kutengana. Mtu huachana na mkewe. Ndugu hutengana na ndugu, mwanafunzi huhitilafiana na mwalimu, kijiji kiko mbali na barabara, maisha ya sasa ni tofauti na ya zamani. Kote huko ungetarajia neno la kukata, lakini limekaa neno la kuunga. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, kila alipomkuta kijana amenuna barazani kwa sababu ya wenzake, alikuwa akimwambia, “Achana nao, mwanangu.” Acha, kisha “ana” ya kutendana, kisha “nao”. Kuacha kunaweza kuwa kwa mtu mmoja. Mlevi huacha pombe na pombe haina habari. Kuachana hakuwezekani bila mwenzio, na sarufi inamlazimisha msemaji amtaje mwenzio huyo hata pale anapompa kisogo.

Pengine “na” huamua kesi. Msemaji mwangalifu hatasema “amekatwa na kisu” akimaanisha “amekatwa kwa kisu”. Ukisema “na kisu”, kisu ndicho mtenda. Mama alikuwa akimenya mihogo, kikateleza. Ukisema “kwa kisu”, nyuma ya kisu kuna mkono wa mtu. Niliwahi kuombwa kutafsiri maelezo yaliyoandikwa katika kituo kimoja cha polisi. Karani alikuwa ameandika “na panga”, na mwenye jeraha, nilipomsomea, akatikisa kichwa: “Si na panga, ndugu. Kwa panga.” Alirudia mara mbili, akinyoosha kidole kwenye karatasi. Hakuwa mtu wa vitabu, lakini alijua neno lile lilikuwa linamtoa mtu fulani katika hadithi yake.

Na kwa wengine?

Utotoni redio ya nyumbani kwetu ilikuwa ikicheza sana muziki wa Kongo, na katika miaka ya 1980 wimbo wa Mbilia Bel, “Nakei Nairobi”, ulikuwa kila mahali. Sisi tuliusikia kwa masikio ya Kiswahili, tukadhani mwanzo wake ni “na” yetu. Sivyo. Kwa Kilingala “na” iliyo mwanzoni mwa kitenzi ni mimi: nakei, naenda, nalingi, napenda. Lugha hiyohiyo inayo pia “na” ya kwetu, kwani “nazali na mbongo” ni nina pesa. Tena inayo “na” ya mahali: “na ndako” ni nyumbani. Mkongomani akisema “nazali na ndako” kwa maana ya kwamba yuko nyumbani, ametaja “na” mara mbili, na wala si neno moja.

Hiyo “na” ya kuandamana ni urithi. Muganda anasema “nnina ssente”, nasi tunasema nina pesa, huhitaji mkalimani. Mzulu anasema “nginemali”, na humo ndani “na” imekutana na “i” ya “imali” zikawa “ne”. Mnyarwanda huikata irabu akabaki na n’, “umugabo n’umugore”, mwanamume na mwanamke. Carl Meinhof alipochapisha mwaka 1899 kitabu chake cha sauti za lugha za Kibantu, uzito wa kazi ile ulikuwa hapa: kwamba udugu wa lugha haushuhudiwi na neno moja linalofanana, bali na sauti zinazopishana kwa utaratibu uleule, neno baada ya neno. Nasisitiza hilo kwa sababu nimesoma makala nyingi zinazounganisha mataifa kwa uzi wa silabi moja, na zinaniuma, kwani zinawapotosha watu wanaopenda lugha kweli.

Chukua Kireno. “Na casa” ni ndani ya nyumba, au nyumbani. Kilingala, “na ndako”, nyumbani. Kongo inapakana na Angola, na Wareno walifika pwani ile karne nyingi zilizopita. Nani asingeshawishika? Lakini peleka maneno hayo sokoni. Mreno atasema “no mercado”, kwa kuwa “na” yake ni maneno mawili yaliyobanwa, “em” na “a”, na hiyo “a” ni ya majina ya kike peke yake. Soko kwake ni la kiume, basi inageuka. Mlingala atasema “na zando” bila kubadili kitu. Mshono umeonekana. Vivyo hivyo Mkorea akijitaja mwenyewe husema “na”, kama ile ya “nakei”, na hakuna jahazi lililobeba kiwakilishi hicho kutoka Mto Kongo hadi Seoul. N na a ni sauti nyepesi zinazopatikana katika lugha nyingi mno, na mdomo wa binadamu hauna silabi fupi za kutosha kumpa kila mtu ya kwake.

Ndiyo maana inazagaa. Mrusi huitumia kwa kusema juu ya, na akikukabidhi kitu mkononi husema “na!”, yaani shika. Mwajemi akisema “na” amekataa. Mhindi naye hukanusha kwayo, kisha huiweka mwishoni mwa sentensi akikuomba ukubaliane naye, kama sisi na “sivyo?” Mzulu pia huiweka mwishoni anapouliza, bila undugu wowote na Mhindi. Anayetazama filamu za Nigeria ameshaisikia mara elfu: “na me”, ni mimi, “na so”, ndivyo hivyo.

Ya Kiarabu ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo wangu, kwa kuwa niliisikia kabla sijajua kusoma. Rabbana. Sayyidina. Maulana. Nyanya yangu akiwa juu ya mswala, mgongo umeinama, maneno yakitoka taratibu, na kila dua ikianguka kwenye ile “na” ndefu. Nilikuwa nikingoja anachotaka kuongeza. Ilinichukua miaka kujua kwamba hapo “na” ni yetu: Mola wetu, bwana wetu. Neno “Maulana” lilivuka bahari likiwa na mkia wake, likakaa katika Kiswahili zima zima, hivi kwamba anayesema “Maulana wetu” amesema wetu mara mbili. Sioni kosa. Mwenye kuomba hapungukiwi kwa kurudia.

Juzi mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alikuja na daftari la kemia lenye jedwali la elementi. Akaweka kidole kwenye namba 11.

“Mjomba, hapa wameandika Na. Na nini?”

Alikuwa amefundishwa kwamba hiyo ni sodiamu, na herufi hazilingani. Nikamweleza kwamba alama ni ya jina la Kilatini, natrium, lililotokana na natron, neno lililopita kwa Waarabu kama natrun, na kwa Wamisri wa kale waliokaushia maiti zao kwa chumvi hiyo. Ziwa Natron lipo kwetu, kaskazini ya Tanzania karibu na mpaka wa Kenya, ambako heroe wadogo huzaliana. Na upande wa pili wa mpaka liko Ziwa Magadi. Magadi ni yaleyale ambayo mama yake huyatia kidogo kwenye makande ili mahindi na maharage yalainike. Akaenda jikoni akarudi na kipande, cheupe chenye vumbi, akakigusa kwa ulimi.

Kisha nikalirudia swali lake, maana lilikuwa na jibu. Na nini? Kwenye magadi, na kaboni na oksijeni. Kwenye chumvi ya mezani, na klorini. Peke yake sodiamu haipatikani ardhini kamwe. Ilibidi Humphry Davy, mwaka 1807 huko London, aipitishie umeme kostiki iliyoyeyushwa ndipo akaitenga. Na ikitengwa, metali hiyo haitulii: hewa huishambulia, maji huiwasha. Maabara huihifadhi chupani, imezamishwa ndani ya mafuta ya taa.

“Kwa hiyo hata hapo,” akasema, “iko na mafuta ya taa.”

Akayaandika hayo pembeni mwa jedwali, kwa penseli.