Huruma Kando ya Ziwa: Kutoka Bukumbi ya Watoto Waliokombolewa hadi Jumuiya za Mkuyuni

Kata ya Mkuyuni, katika wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, imekaa kando ya barabara inayotoka katikati ya jiji kwenda Butimba, Nyegezi na Usagara. Kaskazini yake, juu ya kilima, iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Kusini yake ni Nyegezi, ambako Kanisa Katoliki lilianzisha chuo cha maendeleo ya jamii mwaka 1960. Na mbele zaidi, katika wilaya ya Misungwi, ni Bukumbi, palipofunguliwa misheni mwaka 1883. Mahali hapo patatu pamebeba sehemu kubwa ya historia ya matendo ya huruma katika pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, yaani yale matendo ambayo mafundisho ya Kikristo, yakifuata sura ya 25 ya Injili ya Matayo, huyahesabu kuwa ni kumlisha mwenye njaa, kumvika aliye uchi, kumkaribisha mgeni na kumtembelea mgonjwa na mfungwa, na ambayo mapokeo yaliongeza kuzika wafu. Anayeifuatilia historia hiyo hawezi kulikwepa swali moja, nalo ni kiasi gani cha mamlaka juu ya maisha yake aliachiwa yule aliyesaidiwa.

Wamisionari wa kwanza walikuta ziwa likiwa njia kuu ya biashara ya watumwa. Mateka wa mashambulizi ya majeshi ya Buganda dhidi ya majirani wake waliuzwa kwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wakavushwa kwa mitumbwi hadi pwani ya Usukuma, kisha wakaunganishwa na misafara ya Tabora na ya pwani ya Bahari ya Hindi. Bandari ndogo ya Kageye, mashariki ya Mwanza ya leo, ndipo alipofikia Henry Morton Stanley tarehe 27 Februari 1875, na ndipo walipofikia wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS mapema mwaka 1877, wakati ambapo tayari wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kujenga makazi hapo. Ieleweke kwamba Wasukuma na Wakerewe hawakuwa watazamaji tu, kwa kuwa wapo watemi, yaani watawala wa jadi, waliopata bunduki na nguo kutokana na biashara hiyo, na wapo raia walioishi kwa hofu ya kukamatwa na kuuzwa.

Mwaka 1879 walifika Buganda Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao waliitwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Mwishoni mwa mwaka 1882, walipoona usalama wao umepungua katika ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa, walivuka ziwa kuja kusini pamoja na watoto waliokuwa wakiwatunza, na mwaka uliofuata wakajenga Bukumbi, kwa mtemi Kamoga. Watoto hao katika maandishi ya wamisionari huitwa yatima, jina lililoficha mengi, maana wengi wao hawakufiwa na wazazi; walitekwa, wakapelekwa sokoni, na huko mapadre wakawanunua. Tendo hilo liliitwa ukombozi, yaani kulipa thamani ya mtumwa ili atoke mikononi mwa mwenye kumuuza, na gharama yake ilitokana kwa sehemu kubwa na michango ya waumini wa Ulaya, hasa baada ya mwaka 1888, Lavigerie alipozunguka katika miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa.

Hukumu juu ya ukombozi huo haiwezi kuwa nyepesi. Mtoto aliyenunuliwa Bukumbi aliepushwa na safari ambayo wengi hawakuimaliza, akapata chakula, dawa na elimu ya kusoma, na kwake yeye mjadala wa wanahistoria wa karne ya baadaye usingekuwa na maana kubwa. Hata hivyo, kila fedha au doti ya kitambaa iliyolipwa ilimwambia muuzaji kwamba kuna mnunuzi mwingine, na mtoto mwenyewe hakuulizwa kama angependa kurudi kwao, hata pale ambapo kwao palijulikana. Aliishi chini ya kengele ya misheni, alifanya kazi katika mashamba yake, alifundishwa dini ambayo hakuichagua, na alipofikia umri wa kuoa au kuolewa, mapadre walikuwa na kauli kubwa katika uchaguzi wa mwenzi wake na mahali atakapojenga, kwa kawaida katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni. Huruma ya namna hii ilimtoa mtu katika umiliki mmoja na kumtia katika ulezi ambao, kwa miaka mingi, ulikuwa na mipaka migumu kuvukwa. Wamisionari wenyewe waliuona udhaifu huo, kwa sababu Wakristo waliolelewa hivyo walibaki kisiwa katikati ya Wasukuma, na kadiri miaka ya 1890 ilivyosonga juhudi zilihamia kwenye ukatekumeni wa watu huru, yaani mafunzo marefu kabla ya ubatizo, ambayo kwa kanuni ya Lavigerie yalichukua miaka minne.

Jaribio kubwa zaidi la huruma hiyo lilikuja mwaka 1888, nalo ni tukio ambalo historia za shule hulipita haraka mno. Kabaka Mwanga, ambaye chini ya amri zake Wakristo vijana wa ikulu waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wakiwemo Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alipinduliwa mwezi Septemba 1888, akakimbia kwa mtumbwi pamoja na watumishi wachache hadi Magu, katika pwani ya Usukuma. Huko aliangukia mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu, ambao walimfanya zaidi mateka kuliko mgeni. Mwezi uliofuata mapinduzi ya pili mjini Mengo yaliwafukuza wamisionari wote, Wakatoliki na Waanglikana, ambao waliporwa mali na kupakiwa katika mashua ya CMS iliyoitwa Eleanor; kiboko akaitoboa mashua hiyo, baadhi ya watoto wa misheni wakafa maji, na waliosalia wakafika kusini mwa ziwa mikono mitupu.

Ndipo Mwanga alipotoroka Magu na kuomba hifadhi Bukumbi. Waliompokea, akiwemo Padre Siméon Lourdel, walikuwa ni walimu wa wale aliowaua, na sehemu ya watu waliomzunguka katika misheni walikuwa ni ndugu na rafiki wa marehemu. Walimpa nyumba na chakula na wakakataa kumrudisha kwa Waarabu. Mwanahistoria mwenye kushuku atasema, na atakuwa na haki, kwamba mfalme aliyeondolewa ni mtaji wa kisiasa, na kweli mwaka 1889 Mwanga aliondoka kusini mwa ziwa kwa mashua ya Charles Stokes, mmisionari wa zamani wa CMS aliyegeuka mfanyabiashara wa pembe za ndovu na bunduki, akarudi kupigania kiti chake kwa msaada wa Wakristo, na akakipata tena kwa uthabiti mwanzoni mwa mwaka 1890. Lakini mwezi Desemba 1888 hakuna aliyeweza kujua kwamba mkimbizi yule angerudi kuwa kitu, na hesabu ya kisiasa peke yake haitoshi kueleza jinsi waliofiwa walivyovumilia kukaa naye. Ubatizo, kwa taarifa, aliupokea baadaye sana na si kwa mikono ya wenyeji wake wa Bukumbi, bali kwa Waanglikana katika uhamisho wa Shelisheli, alikofariki mwaka 1903.

Utawala wa Wajerumani, uliojenga boma Mwanza mwaka 1892, ulipiga vita biashara ya watumwa bila kuufuta utumwa wenyewe, ambao kisheria ulikoma Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika kipindi hicho huruma ya misheni ilihama kutoka ukombozi kwenda tiba. Shirika la Kiprotestanti la AIM, lililopokea kituo cha Nassa kutoka CMS mwaka 1909 na ambalo kazi yake ndiyo iliyozaa Kanisa la Africa Inland Tanzania, lilianza kazi ya tiba Kolandoto, karibu na Shinyanga, mwaka 1913, na baadaye wagonjwa wa ukoma waliotengwa na jamaa zao wakapata makazi huko. Kwa upande wa Wakatoliki, hospitali za Sumve na Sengerema zilikuja kuwa kimbilio la wagonjwa wa vijijini.

Kosa la kawaida katika kusimulia haya ni kudhani kwamba ukarimu ulishuka pwani ya ziwa pamoja na mizigo ya wamisionari. Wasukuma walikuwa na basumba, yaani umoja wa vijana wa kijiji uliolima kwa zamu chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, na walikuwa na taratibu za kijiji za kusaidiana wakati wa msiba, ambazo asiyeshiriki alijikuta peke yake siku ya shida yake. Msaada huo ulikuwa na sifa ambayo misheni ya mwanzo haikuwa nayo, kwamba anayepokea leo ndiye anayedaiwa kesho, hivyo hakuna aliyekuwa mpokeaji wa kudumu. Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec aliyeishi Bujora, Kisesa, tangu miaka ya 1950 na ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa makumbusho ya Wasukuma hapo, alikuwa miongoni mwa waliotambua kwamba Kanisa lina la kujifunza kutoka kwa mapokeo hayo.

Joseph Blomjous, Mholanzi aliyekuwa Askofu wa Mwanza hadi mwaka 1965, alilipeleka wazo hilo mbele kwa njia yake. Chuo alichokifungua Nyegezi mwaka 1960, ambacho mwaka 1998 kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilifundisha Watanganyika kazi za ustawi wa jamii, uandishi wa habari na utawala, kwa imani kwamba nchi inayokaribia uhuru inahitaji watu wa kuondoa sababu za umaskini kuliko wa kugawa nguo za mitumba. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970 jambo kali zaidi, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga miundo inayowafanya watu kuwa maskini, litaonekana kuwa upande wa wanaodhulumu.

Mwaka uliofuata ilifunguliwa hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki kwa msaada mkubwa wa shirika la Wakatoliki wa Ujerumani, Misereor. Mwaka 1972 serikali iliitaifisha, na mwaka 1985 ikairudisha kwa Baraza la Maaskofu kwa mapatano ya kuiendesha pamoja, serikali ikilipa sehemu kubwa ya mishahara. Mapatano ya jumla kati ya serikali na makanisa yalifuata mwaka 1992, yakizaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Baadhi ya Waislamu nchini wameyalalamikia mapatano hayo kwa kuona kwamba fedha za umma zinaimarisha taasisi za dini moja, na lalamiko hilo linastahili kujibiwa kwa hoja kuliko kupuuzwa, ingawa ni kweli pia kwamba wodi za Bugando humpokea mgonjwa bila kumuuliza dini. Kinachoulizwa ni bili, na asiyeweza kulipa hupitia ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha wa matibabu.

Tangu miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, tendo la huruma limerudi nyumbani kwa watu. Jumuiya ni kundi la familia jirani zinazosali pamoja kila wiki kwa zamu za nyumba, na katika mitaa ya Mkuyuni, kama katika mitaa mingine ya jiji, ndiyo inayojua nani amelazwa, nani amefiwa na nani hajalipa kodi ya chumba. Inachangisha rambirambi, inapika msibani, inapeleka uji hospitalini, nayo inafanya hivyo kwa fedha za watu ambao wengi wao ni wachuuzi, mafundi na vibarua. Kwa kipimo cha swali lililoulizwa mwanzoni, hii ndiyo hatua bora kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu mjane anayechangiwa mwezi huu atashika daftari la michango mwezi ujao. Ina kasoro yake, nayo ni kwamba asiyehudhuria sala mara nyingi hasahauliwi tu bali huhesabiwa kuwa amejitoa, na mgeni aliyehamia mtaani juzi anaweza kuugua bila mtu kubisha hodi.

Wala jumuiya haiwezi kulipia matibabu ya saratani. Mgonjwa wa Mkuyuni anayepandishwa kilimani Bugando anahitaji daktari ambaye mshahara wake unatoka hazina ya taifa, jengo lililojengwa kwa michango ya Wajerumani asiowajua, na jirani wa kumletea chakula jioni; kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, viwili vilivyobaki havimtoshi.